Filamu Inayomwachia Mtazamaji Kazi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya klabu ya filamu ya vijana jijini Dar es Salaam, kabla ya kuonyeshwa filamu ya Kijapani iitwayo Rashomon. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu mliofika, shikamooni. Walimu na vijana wenzangu, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumze juu ya filamu zinazochezesha akili, zile ambazo zikiisha watu hawainuki haraka, na wakiinuka wanabishana mpaka kituo cha daladala. Nazipenda kwa moyo wote. Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kukata picha na kuziunganisha, na huko ndiko nilikojifunza kwamba filamu humalizikia kichwani mwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Nitakayoyasema jioni hii yanatoka hapo.

Lakini kabla ya filamu zenyewe, kuna hoja nataka kuikabili, maana naisikia kila tunapokutana watu wa fani hii. Wanasema: "Watu wetu hawataki kuumiza kichwa. Wape ngumi, wape mapenzi, wape machozi kidogo, steringi ashinde, waende wakalale." Nasema kwa heshima zote kwamba hoja hiyo si kweli, na imetugharimu. Imewafanya waandishi wetu waogope kuacha swali wazi. Imewafanya waongozaji wamweke mhusika peke yake chumbani aseme kwa sauti kila anachokiwaza, ili mtazamaji asipotee hata kidogo. Tumemhukumu mtu ambaye hatujampa nafasi.

Twendeni kwenye kibanda umiza. Mnakijua: mabenchi, televisheni moja juu, joto, na filamu ya China au ya Marekani iliyotafsiriwa. Sauti inayosikika ni ya mtafsiri. Hapa kwetu ilikuwa Lufufu na wenzake, Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Sasa fikirini kinachofanyika pale. Mtafsiri hatafsiri tu. Anaongeza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anatoa hukumu yake juu ya adui. Na mtu aliyekaa kwenye benchi anafuata hadithi mbili kwa wakati mmoja: ile anayoiona kwa macho na ile anayoambiwa. Anajua wapi mtafsiri ametia chumvi. Anacheka kwa sababu anaziona zote mbili na nafasi iliyopo kati yake. Mtu huyo ana akili ya kufuata msimulizi asiyeaminika kuliko wengi waliosomea jambo hilo darasani. Halafu sisi tunasema hawezi filamu ngumu!

Na kabla ya televisheni kulikuwa na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto wa miaka sita anaambiwa nyumba yangu haina mlango, naye anakaa anaizungusha kichwani. Akishindwa, anatoa mji, na mtegaji akishapokea mji wake anasema: yai. Tazameni uadilifu uliopo katika mchezo ule. Hakuna kilichofichwa. Kila kitu kimewekwa mezani tangu mwanzo, na jibu likitoka, aliyeshindwa anakubali mwenyewe kwamba lilikuwa ndani ya maneno aliyopewa. Jibu lisipoingia, wenzake wanapiga kelele: hicho si kitendawili! Mimi kipimo changu cha filamu za fumbo ni hicho hicho, na sijapata kingine kinachokizidi.

Na wale wasemao kwamba Kiswahili hakina desturi ya sanaa inayopoteza watu makusudi, wamsome Euphrase Kezilahabi. Nagona ilitoka mwaka 1990, Mzingile ikafuata 1991. Ni vitabu vyembamba ambavyo msomaji huingia akiwa na uhakika wa njia, na baada ya kurasa chache hajui aliko wala ni wakati gani. Watu bado wanavibishania. Kitu kigumu kikiwa na uzito, watu hawakikimbii.

Sasa nirudi kwenye meza ya uhariri.

Yapata miaka 100 iliyopita, Urusi, kulikuwa na mwalimu wa filamu aliyeitwa Lev Kuleshov. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usioonyesha hisia yoyote. Kwa masimulizi ya Vsevolod Pudovkin, aliyefanya naye kazi, waliuunganisha uso uleule na picha tatu: sahani ya supu, mwanamke maiti ndani ya jeneza, na mtoto wa kike anayecheza na mwanasesere wa dubu. Watazamaji wakamsifu sana mwigizaji. Walimwona akiwa na mawazo mbele ya supu, akiwa na majonzi mbele ya jeneza, akitabasamu kwa upole mbele ya mtoto. Uso haukubadilika hata mara moja. Hisia zilitoka kwao.

Kila filamu duniani, hata ile ya ngumi, inategemea jambo hilo. Tofauti ya filamu ninazozisema leo ni kwamba zinakuacha utambue kwamba ni wewe unayeunganisha, na hapo unaanza kujiuliza kama unaunganisha sawasawa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Memento, ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Christopher Nolan kutokana na hadithi aliyoibuni mdogo wake, Jonathan. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu wengi wanasema "ile filamu inayorudi nyuma" wakaishia hapo, na uzuri wake hauko katika kurudi nyuma peke yake.

Leonard alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima. Nyumba yake ilivamiwa, akapigwa kichwani, na tangu hapo hawezi kushika kumbukumbu mpya. Ya zamani anayo: anamkumbuka mkewe, anaikumbuka kazi yake. Ya muda mfupi uliopita yanafutika. Anamtafuta mtu aliyemuua mkewe, na silaha zake ni picha za papo kwa papo anazoziandikia maneno chini, na michoro aliyochanjwa mwilini ili mambo muhimu yasimpotee.

Mwongozaji wa kawaida angetuonyesha mtu huyo kutoka nje, nasi tukamhurumia. Nolan aliichukua hadithi akaikata vipande. Vipande vya rangi vinakwenda kinyumenyume: tunaanza na tukio la mwisho, kisha tunaonyeshwa lililolitangulia, kisha lililolitangulia hilo. Katikati yake kuna vipande vya rangi nyeusi na nyeupe vinavyokwenda mbele kama kawaida. Kwa hiyo kila kipande cha rangi kinapoanza, sisi hatujui kilichotokea kabla yake, sawasawa na Leonard. Kuna mahali anajikuta anakimbia. Anajiuliza anafanya nini. Anamwona mtu upande wa pili naye anakimbia, anajiambia: kumbe namfukuza huyu. Yule mtu anamfyatulia risasi. Hapana, yeye ndiye anayefukuzwa. Ukumbi mzima hucheka pale, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua zaidi yake.

Mhariri wa filamu ile ni Dody Dorn, na uhariri huo ulimfikisha kwenye orodha ya walioshindania tuzo ya Oscar. Nimemsoma kazi yake kama wengine wanavyosoma mashairi. Kila kipande cha rangi kinaishia pale ambapo kile tulichokwisha kukiona kilianzia, na anarudia sekunde chache tu za mwanzo ule ili tushike mshono: mlango unagongwa, neno linatamkwa, basi, tunajua tuko wapi. Akizidisha, tunachoka. Akipunguza, tunapotea. Na njia zile mbili, ya kurudi na ya kwenda, zinakutana karibu na mwisho. Leonard anapiga picha, picha inaanza kujitokeza kwenye karatasi mkononi mwake, na filamu yenyewe inageuka kutoka nyeusi na nyeupe ikawa ya rangi. Hakuna maandishi yanayotueleza. Hakuna mtu anayesema lolote. Tunatazama rangi inaingia, na akili inapanga upya kila ilichokiona tangu mwanzo.

Lipo toleo la DVD lenye njia ya siri ya kuitazama hadithi ile kwa mpangilio wa kawaida, kutoka mwanzo kwenda mwisho. Kwa maoni yangu ukiitazama hivyo unapata filamu ndogo zaidi. Matukio ni yaleyale, waigizaji ni walewale, lakini unamtazama Leonard kwa mbali. Kilichokuwa kinakuumiza, kwamba nawe hujui, kimeondoka. Basi mtu asiwaambie kwamba mpangilio ule ulikuwa ujanja wa kujionyesha. Ule mpangilio ndio ugonjwa wa Leonard, na tumewekwa ndani yake. Sitasema mwishowe tunagundua nini juu ya maandishi anayojiandikia, kwa kuwa wapo humu ambao hawajaiona. Nitasema tu kwamba ukishajua, huwezi tena kuliamini kwa wepesi neno ulilojiandikia mwenyewe.

Hapo ndipo kipimo cha kitendawili kinapofanya kazi. Memento inaweka kila kitu mezani. Ukiitazama mara ya pili unaona kwamba ulionyeshwa. Na nadhani furaha kubwa ya filamu hizi iko katika mara hiyo ya pili. Mshtuko wa mwisho huja mara moja tu, lakini jinsi ulivyoongozwa unaweza kuiona miaka yote. The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, ya 1999, ni hivyo hivyo: irudieni, na mtazame nani anamjibu nani. Lakini filamu inayokushikilia saa mbili kisha ikakwambia yote yalikuwa ndoto, imekutoza mji bila kukutegulia kitu. Hiyo siipendi na sitaitetea.

Vijana hapa wataniuliza: mbona kazi kama hizo zinahitaji fedha nyingi? Hazihitaji. Mwaka 2004 tuzo kuu ya majaji katika tamasha la Sundance kule Marekani ilikwenda kwa filamu iitwayo Primer, iliyogharimu dola 7,000. Aliyeitengeneza, Shane Carruth, alisomea hisabati na alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta. Aliandika, akaongoza, akaigiza, akahariri, akatunga na muziki. Ni dakika 77 tu. Wahandisi wawili wanagundua sanduku linalomrudisha mtu nyuma katika wakati, na sanduku lile lina sheria kali: ukitaka kurudi saa sita nyuma, lazima ukae ndani yake saa sita, na huwezi kurudi kabla ya saa lilipowashwa. Kwa hiyo wanajifungia hotelini mchana kutwa ili wasikutane na nafsi zao. Sheria moja iliyoshikwa kwa uaminifu imezaa hofu kuliko majini na milipuko. Nakiri nusu ya pili ya filamu ile inakaza mno. Kuna mahali mtazamaji makini kabisa hana kamba ya kushika, na hapo naona Carruth alipitiliza. Lakini ni bora mtu apitilize kwa kukuamini kuliko akudharau.

Mfano mwingine ni wa Japani, One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda, ya mwaka 2017. Iligharimu karibu yeni milioni 3, waigizaji wake hawakuwa na majina, ikaanza katika kumbi ndogo za Tokyo, na mwisho ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Inaanza na filamu ya misukule iliyopigwa dakika 37 bila kukatwa hata mara moja, na dakika zile zina kasoro nyingi. Mtu anasita bila sababu. Mazungumzo yanasimama. Kamera inakaa chini muda mrefu. Wengi hushawishika kuondoka. Nawaomba, msiondoke. Filamu inarudi nyuma ikaanza upya kwa upande mwingine, na kila kasoro mliyoiona inapata sababu yake, na sababu hizo ni watu: baba, binti, kikundi cha watu waliokabana kumaliza kazi. Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakageuka. Akili ile yote ilikuwa inatumika kuonyesha upendo. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa vifaa vichache, kama sisi, sijui filamu nyingine inayompa moyo zaidi.

Na karibu na nyumbani njia imeshafunguliwa. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dakika zipatazo 20 hivi, kuhusu ulimwengu uliokaukiwa maji ambamo hata kuota ndoto kunazuiwa kwa vidonge. Neptune Frost ya 2021, ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, ilipigwa Rwanda, na ndani yake mnasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wachimba madini ya koltani wanakutana na wavamizi wa mitandao, na anayetaka hadithi inyooke hataipata. Si kila kitu ndani yake nimekielewa, wala haijanisumbua, kwa sababu muziki wake unabeba pale ambapo hadithi inajificha.

Ninaomba mambo machache kwa klabu hii. Fikeni mapema. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 alitaka kumbi zisimruhusu mtu yeyote kuingia filamu ikishaanza, na alikuwa sahihi. Dakika tano za mwanzo za filamu kama hizi ndizo zinazobeba ufunguo. Simu zizimwe. Na ombi langu kubwa: mkitoka hapa, usiku huohuo msikimbilie intaneti kutafuta maelezo ya mwisho wa filamu. Laleni nalo swali. Bishaneni wenyewe kwanza, maana mtu akikupa jibu kabla hujahangaika, hukupata filamu, umepata habari tu. Maelezo yatawasubiri.

Sasa nimalizie na filamu ya leo. Rashomon ilitoka Japani mwaka 1950, imeongozwa na Akira Kurosawa kutokana na hadithi za Ryunosuke Akutagawa. Samurai amekutwa amekufa msituni. Jambazi anasimulia jinsi ilivyokuwa. Mke wa marehemu anasimulia. Marehemu mwenyewe anasimulia kupitia kwa mganga wa mizimu. Mkata kuni naye ana yake. Hadithi nne haziungani. Na la ajabu, wale watatu wa kwanza hawajitetei, wanakiri. Kila mmoja wao anataka kifo kile kiwe chake, mradi aonekane alivyotamani kuwa.

Kurosawa ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba kabla ya kuanza kupiga picha, wasaidizi wake watatu walimwendea wakasema hawauelewi mswada. Akawaambia wausome tena kwa makini. Hawakuondoka, wakataka awaeleze. Akawaeleza kwamba binadamu hawezi kujisema mwenyewe bila kujipamba, na kwamba filamu inahusu hilo. Wawili wakaridhika, wa tatu hakuridhika. Basi yeyote atakayetoka humu leo akiwa hajaelewa, ana mwenzake aliyekuwa kwenye kikosi chenyewe. Hata mkuu wa kampuni iliyotoa fedha hakuielewa. Mwaka 1951 ikapelekwa kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, bila Kurosawa kujua, ikashinda tuzo kuu, Simba wa Dhahabu, na dunia ikageuka kuitazama sinema ya Japani.

Mpiga picha wake ni Kazuo Miyagawa. Alielekeza kamera kwenye jua lenyewe kupitia majani, jambo ambalo wengi wakati ule walilikwepa, na mle msituni alitumia vioo kuwamulika waigizaji. Ndiyo maana mwanga katika filamu hii hautulii juu ya uso wa mtu yeyote. Mvua ya pale kwenye geti, ambapo hadithi hizi zinasimuliwa upya, ilitiwa wino mweusi ili kamera iione. Yaangalieni hayo kama mnapenda ufundi.

Lakini zaidi angalieni uwanja wa mahakama. Mashahidi wamekaa chini, wanazungumza wakiwa wametazama mbele, wanajibu maswali. Hakimu hamtamwona. Sauti yake hamtaisikia. Wanawatazama ninyi. Kurosawa amewaachia kiti hicho, na hakuweka mtu mwingine wa kukikalia.

Na kuna kisu. Kisu cha thamani, chenye nakshi ya lulu. Kinatajwa zaidi ya mara moja katika ushahidi, na ni rahisi kukisahau kwa sababu watu wanalia na kupigana. Msikisahau. Fuatilieni kiko mkononi mwa nani katika kila simulizi, na kikikosekana, jiulizeni nani alipata nafasi ya kukichukua na kwa nini amenyamaza. Taa zikiwashwa tutaanzia hapo, na nitataka kumsikia kwanza yule aliyekaa benchi la nyuma kabisa.